Icyansi Kilichokwenda Saransk

Saransk, 14 Mei 2023

Mama Mkubwa,

Jana nimeingia katika nyumba moja, na tangu hapo nafungua kitabu cha anatomia na kukifunga tena bila kusoma kitu.

Ni makumbusho ya sanaa ya jimbo hili. Mwaka mzima na nusu nimepita mbele ya mlango wake nikidhani ni ofisi ya serikali, sikusoma hata kibao chake. Jana mvua ilitukuta pale na Cyprien, yule kijana wa Majengo hapo Goma tunayesoma naye, akanivuta shati: "Ingia bwana, unataka tufe baridi juu ya heshima?" Tukaingia.

Nikueleze. Wenyeji wa huku si Warusi peke yao. Kuna watu wanaoitwa Wamordvin, nao ni wa namna mbili, Waerzya na Wamoksha, kila upande na lugha yake. Ni wachache ndani ya nchi kubwa. Lakini nyumba ile ni yao. Mna sanamu za mti za mchongaji wao mmoja aliyezunguka dunia. Yeye aliacha jina la ukoo wake akajiita Erzya, jina la watu wake, na hilo ndilo limeandikwa mlangoni. Mama Mkubwa, fikiri. Kwetu mtu akikuuliza kabila lako, unatazama kwanza njia ya kukimbilia. Hapa limewekwa juu ya mlango kwa herufi kubwa.

Juu kuna nguo za wanawake zilizodariziwa kwa uzi mwekundu, na mkanda mmoja mzito unaovaliwa nyuma kiunoni, shanga na minyororo na vikengele. Mama anayetunza chumba kile, mama Raisa, ni Mwerzya. Alituona tumesimama muda mrefu akatuambia: "Mwanamke wetu unamsikia kwanza, halafu unamwona." Na chini ya vitu vingi kuna kadi yenye jina la aliyevitengeneza na kijiji chake. Wengine ni wakulima tu, mama wa kijijini. Jina kamili.

Nikamwambia mama Raisa kwamba kwetu Jomba tuna icyansi, chombo cha mti cha kukamulia maziwa, alichochonga babu yangu, Sogokuru Habarurema, alipomwoa bibi, Nyogokuru. Akachukua kalamu hapo hapo. Mwezi wa kumi na mbili watafungua chumba kidogo cha kazi za mikono za nchi tunazotoka sisi wanafunzi wa kigeni. Anaomba icyansi chetu. Kadi itasema: Habarurema, mchongaji, Jomba, Rutshuru.

Cyprien anakuja Goma likizo ya mwezi wa nane. Anaweza kukibeba. Najua ndicho kitu pekee ulichotoka nacho nyumbani. Ndiyo maana naomba kwa adabu.

Msalimie mdogo wangu, mtoto Dative.

Mwanao,
Aubin

*

Goma, 2 Juni 2023

Mwanangu Aubin,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kuinakili katika daftari langu, maana simu ni ya Charline, na simu ya mtu inaweza kuondoka na mwenyewe. Charline ni mwalimu tuliyefundisha naye, sasa hema lake linatazamana na letu. Yeye ndiye anayezipiga picha kurasa hizi na kukutumia. Niandikie kwa mpangilio, kwa sababu nami nitakujibu kwa mpangilio.

Kwanza, nimefurahi. Nimewasomea watoto wa hema letu la masomo ile habari ya mtu aliyejiita jina la watu wake. Mmoja akauliza, "Na hawakumfukuza?" Nikamwambia hapana, walimjengea nyumba. Wakapiga makofi wote.

Pili, Dative ni mzima. Anasema uache kumwita mtoto, ana miaka tisa na anajua kugawanya.

Tatu, kuhusu kitu cha kutuma. Nimefikiri kwamba mkeka ungefaa zaidi. Mkeka unakunjika, hauna uzito, na Cyprien hatasumbuliwa njiani. Ninaweza kusuka mmoja mzuri sana wa rangi tatu. Au kapu lenye mfuniko. Hao Wamordvin wanapenda kazi ya wanawake, kama ulivyosema.

Icyansi tukiache kwanza.

Mama yako mkubwa,
Donatille Niyonsenga

*

Saransk, 20 Juni 2023

Mama Mkubwa,

Nimeelewa kwa nini unasitasita. Nyogokuru alikuwa anasema chombo cha maziwa hakilali kwa mgeni, ng'ombe watakauka. Lakini tuseme ukweli, Mama. Ng'ombe wako wapi? Wale watatu walichukuliwa siku ile ile tuliyopoteza nyumba. Hakuna wa kukauka. Na hapo kambini icyansi kitaishia wapi? Mvua, panya, wezi. Huku kitakaa ndani ya kioo.

Mikeka iko kila mahali. Icyansi cha Habarurema kiko kimoja.

Nami nimekwisha sema. Mama Raisa ameandika jina la Sogokuru kwenye orodha, akaniomba nilitamke mara mbili ili aliandike sawasawa. Nilisimama pale mrefu kama mlingoti.

Jambo moja nikueleze usije ukashangaa. Nimewaambia unakaa Goma mjini, mwalimu. Kambi sikuitaja. Watu wakisikia kambi wanaanza kukuhurumia, na wakishakuhurumia hawasikii tena kitu kingine unachosema.

Nakuomba, Mama.

Aubin

*

Goma, 9 Julai 2023

Aubin,

Icyansi kitakuja. Mwambie Cyprien apite kwangu mwisho wa mwezi wa nane, si kabla.

Lakini nataka kwanza nijue kama bado unakumbuka kwenu, au umekwisha kuwa mtu wa theluji. Nijibu bila kumuuliza mtu:

Kimo chake kilikuwa kiasi gani?
Shingoni kilikuwa na mistari mingapi ya kuchonga, miwili au mitatu?
Mkono wako ulikuwa unaingia mpaka wapi?
Kitako chake kilikuwa bapa, au kilikuwa na duara kidogo?

Ni mtihani. Nitakupa alama.

Mama yako mkubwa,
Donatille

*

Saransk, 25 Julai 2023

Mama Mkubwa Mwalimu,

Haya, sahihisha.

Kimo: nilipokuwa na miaka saba kilifika kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole cha kati. Nimejipima leo na kupunguza; nadhani ni sentimita ishirini na nane.

Mistari mitatu. Wa katikati ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja. Sogokuru alikuwa anasema tezo iliruka kwa sababu Nyogokuru alipita mbele yake, walikuwa bado wachumba.

Mkono: mpaka hapa juu ya kifundo, halafu unakwama. Nilikwama kweli siku moja, mkanipaka siagi.

Kitako: duara kidogo. Ndiyo maana kilisimamishwa kwenye pete ya majani.

Na zaidi, ambalo hukuuliza: kilikuwa chembamba midomoni kama sahani, kizito chini. Ukikigonga kinasema "ko", hakisemi "kwa".

Nimepata ngapi?

Aubin

*

Goma, 28 Agosti 2023

Aubin,

Umepata tisa juu ya kumi. Moja nimeiondoa kwa kusahau mfuniko.

Cyprien amekuja leo na amebeba. Nimekifunga katika kitambaa changu cha kanisani. Fuata haya:

Usikioshe kwa sabuni. Usikioshe kabisa.
Kimefukizwa kama desturi, kwa hiyo kina harufu ya moshi. Wasiogope.
Ndani nimeweka mtama kidogo. Chombo cha maziwa hakitumwi kitupu. Kikifika, mpe huyo mama Raisa huo mtama mkononi.

Jina la baba yangu kwenye kadi, sina la kusema.

Donatille

*

Saransk, 5 Oktoba 2023

Mama Mkubwa,

Kimefika. Nilikifungulia kitandani, mlango nimeufunga. Sikukitazama kwanza, niliingiza pua. Moshi ule, majani yale. Nikaliona jiko lote la Jomba, Nyogokuru amekaa upande wa kushoto. Mimi mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, daktari wa kesho, nililia ndani ya chombo cha maziwa. Cyprien akasema, "Endelea bwana, mtama utaota."

Kinaonekana chepesi kuliko nilivyokumbuka, lakini nadhani ni mimi nimepata nguvu.

Mama Raisa alikipokea kwa mikono miwili. Alipopewa mtama hakucheka, aliuweka kwenye bakuli la udongo akaliacha juu ya meza yake. Akauliza kwa nini kinanuka. Nikamweleza kwamba chombo kisichofukizwa huharibu maziwa. Akakizungusha taratibu, akakigonga kwa kucha, na akaniambia: "Babu yako alikuwa na mkono unaosikiliza." Nimekuandikia kama alivyosema.

Kadi imekwisha chapwa: HABARUREMA. Nimeipiga picha, iko hapa chini. Mwonyeshe kila mtu. Ufunguzi ni tarehe 15 Desemba.

Leo nimetembea mjini kama mtu mwenye shamba.

Aubin

*

Saransk, 19 Novemba 2023

Mama,

Naandika haraka na sitaki kuandika vibaya.

Mama Raisa aliniita jana. Baridi imeanza na nyumba zote zimewashwa joto, hewa ya ndani ni kavu sana. Icyansi kimepasuka, ufa kutoka mdomoni mpaka nusu ya tumbo. Ndani ya ufa mti ni mweupe. Mweupe kama mkate, Mama. Fundi wao wa kurekebisha vitu vya mti alitazama kwa kioo cha kukuza, akasema mti huu haujafikisha mwaka tangu ukatwe. Weusi wote ni moshi.

Hawakunikasirikia. Ingekuwa heri. Mama Raisa aliniuliza tu, polepole, "Aubin, hiki ni cha babu yako?" Na mimi niliyelilia ndani yake, niliyetamka jina mara mbili, nilimwomba anipe muda nikuandikie.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Cha Sogokuru kiko wapi? Umekiuza? Najua watu wanapita kambini wanatafuta vitu vya zamani. Kama ulikiuza kwa njaa nitaelewa, lakini kwa nini ukanunua kwa mtu cha bandia, ukakifukiza, ukanipa mtihani ule? Nilikujibu kwa moyo wangu wote, kumbe nilikuwa nampa mwongo vipimo!

Kadi bado ina jina la baba yako. Wanangoja neno langu.

Aubin

*

Mugunga, 24 Novemba 2023

Mwanangu,

Leo naandika Mugunga hapo juu, kwa sababu kambi ya Mugunga ndipo nilipo.

Sikuuza. Nakupa daftari langu kama lilivyo, sijaongeza neno:

"17 Januari 2023. Mvua siku ya tatu. Dative anatapika na kuharisha tangu asubuhi. Ni kipindupindu, kwenye hema la waganga wa hospitali wamesema nafasi hakuna mpaka kesho, nimpe maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari. Makaa yamelowa. Kuni za majirani zimelowa. Nimebomoa kitanda, nacho kimelowa. Kitu kikavu ni icyansi. Nimekipasua kwa panga. Vipande kumi na kimoja. Maji yamechemka. Saa nane mchana Dative amekunywa kikombe cha kwanza, hakukitapika."

"18 Januari. Vikombe sita. Amepata nafasi kwa waganga."

"23 Januari. Dative ametoka. Ameomba muwa."

Wewe wiki ile ulikuwa na mitihani. Nilikuandikia kwamba tuko wazima. Tarehe 23 ilikuwa kweli.

Usinione mtu wa kutubu kwa sababu ya moto ule. Baba yangu angekipasua kabla yangu, na angenigombeza kwa kuchelewa. Mti wake ulikuwa mkavu wa miaka hamsini na mitano, uliwaka kama mshumaa.

Sasa kuhusu cha pili. Barua yako ilipofika na jina lake limekwisha andikwa huko, sikupata namna ya kukuambia kwamba ni majivu. Nikasema nitachonga. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa nashikilia mti baba akichonga, na kupuliza vumbi ndani. Mikono yangu ilikuwa pale kila siku, lakini tezo ilikuwa yake. Mwanamke hachongi icyansi, hilo unalijua.

Tarehe 10 Julai nilikwenda kwa muzee Kambale, yule Munande, mtu wa jembe asiyefuga ng'ombe, wa kuchonga vinu, karibu na barabara ya Sake. Nikamwomba tezo.

"Mama Donatille, tezo ya kufanya nini? Umepata mbuzi, unajenga banda?"

"Ya kuchonga."

"Kuchonga nini? Mwiko?"

"Icyansi."

Akacheka mpaka akakaa chini juu ya mawe. "Mwanamuke anachonga icyansi! Basi na mimi, mutoto wa Butembo, kesho naanza kukamua ng'ombe!"

Nikamwambia akamue, lakini tezo anipe. Akanipa, na kipande cha mparachichi uliokatwa wiki ile. Akanionya: "Huu ni mubichi. Ungengoja mwaka." Sikuwa na mwaka. Nilikuwa na Cyprien mwisho wa mwezi wa nane.

Cha kwanza nilikitoboa chini. Cha pili kilipasuka mkononi. Wanawake kwenye foleni ya maji wakawa wanasema, "Mwalimu amepatwa, sasa anakula miti." Cha tatu nilikichonga kwa vipimo vyako, kiwiko mpaka kidole. Ule mstari wa katikati niliupinda kwa makusudi, na mkono ukaniuma kuliko kwenye ile iliyonyooka, maana kukosea kama mtu mwingine ni kazi ngumu. Muzee Kambale alikuja kukitazama, akakizungusha, akakiweka kwenye pete yake ya majani, hakucheka. Akasema, "Kinasimama." Kwake hiyo ni hotuba.

Kukifukiza hakukuwa hila, Aubin. Chombo kipya hufukizwa, ndiyo desturi; kisipofukizwa si icyansi, ni kinu kidogo. Lakini nilijua moshi utakudanganya, na niliuacha ukudanganye. Hilo ndilo kosa langu. La pili ni kumpa baba yangu kazi ambayo hakuifanya. Yeye hakuwahi kuchonga mti mbichi, na sasa wageni wameona ufa chini ya jina lake. Hiyo inanikera hata usingizini.

Waambie wakitoe kwenye kabati, au waondoe jina lake. Lolote kati ya hayo mawili, kabla ya tarehe 15.

Donatille Niyonsenga

*

Saransk, 3 Desemba 2023

Mama Mkubwa,

Nisamehe kwanza kwa neno "mwongo". Halafu nisamehe kwa wiki moja ya kukaa kimya. Nilisoma ukurasa wa 17 Januari tena na tena. Siku ile mimi nilifanya mtihani wa mifupa. Nilipata alama nzuri na nikala kuku.

Juzi nilimpelekea mama Raisa barua yako. Niliitafsiri kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mbele yake na yule fundi wa mti. Nilitaka kuruka mahali pa kambi. Nilipofika pale ulimi ukakataa kuruka, nikasoma yote, Mugunga, mvua, panga, vipande kumi na kimoja. Fundi akatoka nje kuvuta sigara akiwa hana sigara.

Mama Raisa alikaa. Kisha akasema: "Kwa hiyo nilidhani nina chombo, kumbe nina mchongaji."

Nikamweleza kwamba unataka kitolewe au jina la Sogokuru liondoke. Akasema jina litaondoka leo hii, hilo ni haki ya marehemu. Kukitoa, hapana, isipokuwa wewe mwenyewe useme. Hii ni nyumba ya wachongaji na wadarizi, alisema, na aliyechonga hiki yuko hai. Mtu aliye hai huulizwa. Akachukua karatasi, akanipa maswali. Nakuandikia kwa mpangilio wako.

Kwanza, unakubali kibaki?

Pili, fundi anaweza kuziba ufa kwa gundi na unga wa mti mpaka usionekane. Hataugusa bila ruhusa yako. Unasemaje?

Tatu, jina lako liandikweje, na mahali gani? Rutshuru, Goma, au kwingine?

Nne, mwaka wa kuzaliwa. Kadi zao zote zina miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa, na kistari katikati. Kwa mtu aliye hai wanaandika mwaka wa kwanza na kistari. Nilimwambia mama Raisa kwamba huko kwetu sasa vita vimekaribia Sake, mabomu yanasikika, na sijui kama ni busara kuandika hivyo. Nilimwomba aache tu jina, bila miaka. Akasema hata hilo uulizwe wewe.

Ufunguzi ni siku kumi na mbili kutoka leo.

Aubin

*

Mugunga, 8 Desemba 2023

Mwanangu Aubin, na mama Raisa, utamsomea,

Nimesoma maswali yenu mbele ya watu watano, kwa sababu habari ilikwisha toka kwenye simu ya Charline kabla haijafika kwangu. Muzee Kambale anatembea kambi nzima akisema yeye ndiye mwalimu wa msanii wa Urusi. Nimemwacha. Tezo ni yake.

Dative naye ameuliza kama kwenye kadi kutakuwa na nafasi ya kuandika kwamba maji yalichemka. Nimemwambia kadi ni ndogo.

Majibu.

La kwanza: kibaki.

La pili: ufa usizibwe. Mti ulikuwa mbichi, nami niliuharakisha. Anayejua mti akiutazama ajue hivyo. Nimekwisha pata kipande kingine, kiko chini ya kitanda kinakauka, na hicho nitakipa mwaka wake wote bila kujali nani anasafiri. Lakini mwambie fundi wenu nimemshukuru kwa kuuliza. Katika miaka hii miwili nimeandikishwa mara kumi na nne: jina, idadi ya watu, alama ya kidole. Hakuna aliyeniuliza kazi yangu ifanyweje.

La tatu: Niyonsenga Donatille, jina la nyumbani likitangulia. Mahali, andikeni: alizaliwa Jomba, Rutshuru, amechonga Mugunga, Goma. Mugunga isitolewe. Aubin, najua ulinificha kwa mapenzi. Lakini watu wanapaita hapa mahali pa kungojea chakula, na mimi nimetengeneza kitu hapa. Wakitaka kunihurumia wasubiri kwanza wamalize kutazama.

Ongezeni mstari mmoja kama kuna nafasi: "Kwa mkono aliofundishwa na Habarurema." Hapo jina la baba yangu linakaa mahali pake, wala ufa haumhusu.

La nne nimelifikiria siku mbili. Ni kweli tunasikia mizinga upande wa Sake. Jana udongo ulitikisika wakati nafundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, watoto wakanitazama mimi badala ya ubao, nami nikaendelea, wakaendelea. Umefanya vizuri kuwa na wasiwasi juu yangu. Lakini usinifichie miaka yangu kama mtu anayeficha deni.

Andikeni 1977. Kisha kistari, kirefu, cha wino mweusi. Baada ya kistari msiandike kitu.

Donatille Niyonsenga,
mchongaji